Taa za Motokaa Zilizoingia Ukungu: Jinsi ya Kuzing'arisha na Kuzikinga

Mtu yeyote anayesimama kando ya barabara saa moja ya usiku na kuzitazama motokaa zinazopita, ataona mara moja kwamba taa zao si sawa. Nyingine hutoa mwanga mweupe unaofika mbali. Nyingine ni kama kibatari kilichowekwa nyuma ya shuka: mwanga upo, lakini hauendi popote. Mara nyingi kosa si la betri wala la globu. Kosa ni la kioo cha mbele, ambacho kimegeuka rangi ya manjano na kuingia ukungu, mfano wa jicho lenye mtoto wa jicho.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu: kwa nini ukungu huo hutokea, jinsi ya kuuondoa nyumbani kwa gharama ndogo, na jinsi ya kukifunika kioo ili ukungu usirudi upesi. Jambo la tatu ndilo kubwa kupita yote, na ndilo watu wengi wanaloliacha. Wanafunzi watakuta humu Fizikia na Kemia wanayoisoma darasani. Wazazi wenye motokaa watakuta kazi ya Jumamosi moja.

KIOO AMBACHO SI KIOO

Zamani kioo cha taa kilikuwa kioo kweli. Nchini Marekani, tangu mwaka 1940, motokaa zilitumia taa ambazo kioo, waya unaowaka na bakuli la ndani linalorudisha mwanga vilifungwa pamoja kuwa kitu kimoja. Waya ukikatika, taa nzima ilitupwa ikawekwa mpya. Kwa hiyo kioo hakikupata nafasi ya kuzeeka. Tena kioo halisi hakiharibiwi na jua.

Mwaka 1953 wanakemia wawili, Hermann Schnell wa kampuni ya Bayer nchini Ujerumani na Daniel Fox wa kampuni ya General Electric nchini Marekani, walipata plastiki mpya iitwayo polikaboneti. Kila mmoja alifika kwa njia yake mwenyewe. Plastiki hii hupitisha mwanga kama kioo, uzito wake ni kama nusu ya uzito wa kioo, na jiwe likiipiga haipasuki kwa urahisi. Tena hufinyangwa kwa umbo lolote analolitaka mwenye kiwanda. Mwaka 1983 serikali ya Marekani iliruhusu taa ambazo globu yake hubadilishwa peke yake, na motokaa ya Lincoln Mark VII ya mwaka 1984 ikawa ya kwanza nchini humo kuwa na taa hizo. Katika miaka ya 1990 plastiki ilienea katika motokaa za Ulaya na Japani pia. Leo karibu kila motokaa mpya ina taa za plastiki, ingawa kwa mazoea twaendelea kuiita plastiki hiyo kioo. Nasi tutaiita hivyo hivyo.

Lakini polikaboneti ina udhaifu wa namna mbili. Kwanza, ni laini, hukwaruzika upesi. Pili, haivumilii jua. Kwa sababu hiyo kiwanda hukipaka kioo kinga nyembamba, ngumu, isiyo na rangi. Kinga hiyo hatuioni, wala hatuifikirii mpaka itakapokwisha.

ADUI NI JUA

Ndani ya mwanga wa jua mna miale isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno. Miale hiyo ina nguvu ya kuvunja minyororo ya molekuli za plastiki. Mwanzo huila kinga ya kiwandani. Kinga ikishachakaa hupasuka nyufa ndogo ndogo, hubambuka kama ngozi iliyoungua, na kuiacha plastiki uchi. Ndipo miale huishambulia plastiki yenyewe, ikawa ya manjano. Mchanga wa barabarani, vumbi, na tambara kavu la kufutia huongeza mikwaruzo juu ya madhara hayo.

Hapa petu Afrika ya Mashariki jua hupita karibu na utosi mwaka mzima. Tena motokaa nyingi tunazonunua hutoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika huko. Nchini Kenya sheria huruhusu kuingiza motokaa iliyotumika ambayo haikuzidi miaka 8. Basi inaposhushwa bandarini, Mombasa au Dar es Salaam, kinga ya taa zake imekwisha kuzeeka, na ndiyo kwanza inaanza kupigwa na jua letu.

Sasa, kwa nini ukungu hupunguza mwanga? Uso wa kioo ukiwa laini, mwanga hupita na kushika njia yake moja kwa moja. Uso ukiwa na nyufa na mikwaruzo elfu, kila mkwaruzo huupinda mwanga upande wake. Matokeo ni hasara mbili. Mwanga uliopaswa kwenda mbele hupungua. Na mwanga uliotawanyika hupanda juu, ukamwingia machoni dereva anayekuja. Kwa hiyo taa yenye ukungu humpofusha mwenzako huku ikikunyima wewe.

HESABU YA USIKU

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo la urembo tu. Tufanye hesabu.

Mwaka 2018 chama cha wenye motokaa cha Marekani kiitwacho AAA kilitangaza matokeo ya kupima taa za motokaa zenye umri wa miaka 11. Taa zilizoingia ukungu zilitoa kiasi cha sehemu 20 tu kwa mia ya mwanga wa taa mpya. Zilipong'arishwa, mwanga ulipanda hadi kiasi cha sehemu 70 kwa mia.

Twajua kwamba nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika ni robo. Tuchukue mfano. Dereva mwenye taa mpya, akiwasha taa za chini, amwona mtu aliyevaa nguo nyeusi akiwa mita 60. Mwanga ukishuka kuwa sehemu 20 kwa mia, twatafuta kipeuo cha pili cha 0.2, nacho ni kama 0.45. Mara 60 ni mita 27. Basi kwa hesabu hii ya darasani, dereva mwenye taa za ukungu hamwoni mtu yule mpaka awe mita 27 tu mbele yake.

Sasa tutazame mwendo. Kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kwa sekunde. Tangu dereva aone kitu mpaka mguu wake ukanyage breki, tuseme ni sekunde moja na nusu. Katika muda huo motokaa imekwenda mita 33. Kumbe imekwisha kumpita yule mtu kabla breki haijaguswa! Baada ya hapo breki nzuri katika lami kavu zahitaji mita 35 nyingine hivi. Jumla ni mita 68.

Je, tukizing'arisha taa? Kipeuo cha pili cha 0.7 ni kama 0.84. Mara 60 ni mita 50. Mtu yule ataonekana karibu mara mbili ya umbali wa kwanza. Lakini angalieni: mita 50 bado ni pungufu kwa mita 68. Dereva mwenye busara atapunguza mwendo mpaka kilomita 60 kwa saa. Hapo atahitaji mita 25 za kuwaza na mita 20 za breki, jumla 45, na atasimama kabla ya kumgusa mtu. Kwa hiyo kung'arisha taa hakumpi mtu ruhusa ya kukimbia.

KUPIMA KABLA YA KUANZA

Kwanza hakikisha kwamba kioo ni cha plastiki. Mara nyingi utaona herufi PC zimechongwa pembeni. Kama huzioni, gonga kwa ukucha: kioo halisi hulia kama gilasi, plastiki hutoa sauti butu. Motokaa za zamani zenye kioo halisi hazihitaji somo hili, ziosheni tu.

Pili, mwagia kioo maji safi na utazame kingali kimelowa. Ukungu ukipotea au kupungua sana, ubovu uko upande wa nje na dawa ipo. Maji yameingia katika mikwaruzo na kuijaza, na kwa kuwa huupinda mwanga kwa kadiri iliyo karibu zaidi na ile ya plastiki kuliko hewa, mwanga hauoni tena vilima na mabonde. Likumbukeni jaribio hili, maana ndilo litakalotueleza kazi ya vanishi hapo baadaye. Lakini ukungu ukibaki vile vile, ubovu uko ndani: umande umeingia, au bakuli linalorudisha mwanga limeungua. Hapo kusugua nje ni kupoteza nguvu, na taa hapana budi ifunguliwe na fundi au ibadilishwe.

VIFAA

Vitu vinavyotakiwa ni hivi:

1. Msasa wa maji wa namba 600, 1000, 1500 na 2000, karatasi moja ya kila namba. Namba ikizidi, msasa ni laini zaidi.
2. Ndoo mbili za maji, sabuni ya maji, na matambara safi yasiyotoa nyuzi.
3. Tepu ya karatasi ya mafundi rangi, na magazeti makuukuu.
4. Alkoholi ya isopropili, ambayo hupatikana katika maduka ya dawa.
5. Kopo la vanishi ya kupuliza isiyo na rangi, ambayo maandishi yake yaeleza wazi kwamba ni ya taa za motokaa au ya plastiki, na kwamba ina kinga ya urujuanimno.
6. Glavu, miwani ya kukinga macho, na kitambaa cha pua na mdomo.

KAZI YENYEWE

Chagua asubuhi yenye hewa kavu, umande ukiisha kukauka, mahali penye kivuli pasipo na upepo wa vumbi. Zima taa na uziache zipoe kabisa. Kazi hii isifanywe katika jua kali, maana vanishi itakauka kabla haijatulia. Wala siku ya mvua, maana unyevu huifanya iwe nyeupe kama maziwa.

Hatua ya kwanza. Osha taa na sehemu za jirani kwa sabuni, kisha suuza. Chembe moja ya mchanga ikibaki itachora mfereji utakaokusumbua mpaka mwisho.

Hatua ya pili. Bandika tepu kuizunguka taa yote, mara mbili, juu ya boneti, bampa na madigadi. Msasa haujui mpaka kati ya taa na rangi ya motokaa.

Hatua ya tatu. Lowesha msasa namba 600 dakika chache, kisha sugua kwa mistari iliyonyoka, kutoka kushoto kwenda kulia. Mimina maji daima. Utaona maji yakishuka yana rangi ya manjano: hiyo ndiyo kinga ya zamani iliyokufa. Endelea mpaka maji yawe meupe na uso wote uwe na ukungu wa namna moja, bila mabaka. Hapa wengi hushtuka, kwa kuwa taa huonekana mbaya kuliko mwanzo. Usiogope, na usiache katikati. Baka la kinga ya zamani likibaki litaonekana chini ya vanishi mpya kama ramani ya kisiwa.

Hatua ya nne. Suuza, badili maji, kisha chukua msasa namba 1000, usugue kutoka juu kwenda chini. Kwa nini tugeuze upande? Ili uone kwa macho kama mistari ya namba 600 imekwisha. Mstari wowote unaolala ukabaki ni wa msasa wa kwanza. Usiendelee mpaka utoweke. Kisha namba 1500 kwa mlalo, na namba 2000 kwa wima. Kila msasa huhitaji dakika 5 mpaka 10 kwa taa moja. Usikandamize kwa nguvu mahali pamoja, hasa kwenye kingo, maana plastiki ikipata moto hulainika.

Mwishoni taa itakuwa na weupe hafifu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Mwagia maji. Ikiwa safi kabisa inapokuwa imelowa, umefaulu.

KUFUNIKA NDIYO KAZI

Sasa tumefika mahali ambapo watu wengi hukosea. Wengine hupaka dawa ya kung'arisha, taa ikang'aa, wakaenda zao wakifurahi. Baada ya miezi michache umanjano hurudi, tena kwa kasi. Sababu ni wazi: kwa msasa wetu tumeiondoa hata ile kinga kidogo iliyokuwa imebaki. Plastiki sasa iko uchi mbele ya jua. Mwenye kusugua asifunike ameifupisha maisha taa yake. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ufa ni huu.

Kausha taa kabisa. Futa kwa tambara lililoloweshwa alkoholi ya isopropili, kisha usiguse tena kwa mkono, kwa sababu mafuta ya kidole huizuia vanishi kushika. Kwa sababu hiyo hiyo usipake nta wala dawa yoyote ya kung'arisha kabla ya vanishi. Funika boneti na bampa kwa magazeti.

Tikisa kopo kama maandishi yake yanavyoagiza. Simama umbali wa sentimita 20 hivi. Anza kupuliza nje ya taa, pitisha mkono kwa mwendo mmoja usiosita, na uache ukiwa umekwisha kuvuka upande wa pili. Mpako wa kwanza uwe mwepesi sana, kama ukungu wa asubuhi. Ngoja dakika 10. Mpako wa pili ulowane zaidi, na wa tatu vivyo hivyo. Mipako mitatu myepesi ni bora kuliko mmoja mzito, maana mzito hutiririka kama machozi.

Hapo utaona jambo la kupendeza: ule weupe hafifu hupotea mbele ya macho yako. Ni lile jaribio letu la maji. Vanishi imejaza mikwaruzo midogo ya msasa namba 2000, nayo huupinda mwanga karibu sawa na plastiki. Tofauti ni kwamba maji hukauka, na vanishi hubaki.

Ondoa tepu kabla vanishi haijawa ngumu kabisa. Iache motokaa kivulini usiku mmoja, wala usiioshe mpaka muda ulioandikwa kwenye kopo upite. Mwisho, simamisha motokaa mbele ya ukuta usiku na uhakikishe kwamba mwanga wa taa za chini haupandi juu kupita kiasi. Taa iliyokuwa dhaifu ilificha makosa ya mwelekeo, sasa yataonekana.

KINGA ZA NAMNA NYINGINE

Nta ya motokaa ni rahisi na haina hatari, lakini hudumu wiki chache tu, na lazima irudiwe. Vanishi ya kopo la kawaida yaweza kudumu mwaka mmoja au miwili, kwa kadiri ya jua. Iko pia karatasi ya plastiki angavu inayobandikwa juu ya taa, ambayo ikichoka hubanduliwa. Vanishi inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, ile ya mafundi wa kupaka rangi, ndiyo imara kupita zote na hudumu miaka kadhaa. Lakini nyingi za namna hiyo zina sumu iitwayo isosianeti, inayodhuru mapafu. Kitambaa cha pua hakiizuii. Hiyo mwachieni fundi mwenye kifaa chake maalumu cha kupumulia.

MAMBO YA KUEPUKA

Dawa ya meno. Ndani yake mna unga laini unaosugua kama msasa, kwa hiyo taa hung'aa kidogo. Lakini haina kinga yoyote ya jua.

Dawa ya kufukuza mbu, petroli, asetoni na thina. Hizi huyeyusha uso wa plastiki, nao ukaonekana laini kwa siku chache. Kisha hupasuka nyufa ambazo hazisuguliki tena. Zikidondoka, huharibu hata rangi ya motokaa.

Globu yenye nguvu kupita iliyoagizwa. Globu ya kawaida ya namna ya H4 ni wati 60 kwa taa za juu na 55 kwa taa za chini. Katika umeme wa volti 12, wati 60 ni ampea 5. Ukiweka globu ya wati 100, ampea huwa zaidi ya 8; waya na soketi hupata moto, na bakuli la ndani huungua. Wala ukungu hauondoki: mwanga uliozidi nao hutawanyika, na wa mbele yako hupofuka zaidi.

Wapenzi wasomaji, anayetembea usiku kando ya barabara zetu mara nyingi ni mwanafunzi, au mama aliyetoka sokoni, au mzee na baiskeli yake isiyo na taa. Yeye ameiona motokaa kwa muda mrefu, na kwa hiyo hudhani kwamba dereva naye amekwisha kumwona. Kati ya dhana hiyo na ukweli pana kioo tu. Wanafunzi, mtakapokuwa likizo, zitazameni taa za motokaa ya nyumbani, au ya jirani, mkaombe ruhusa ya kuzifanyia kazi chini ya uangalizi wa mtu mzima.

MASWALI

1. Kwa nini taa iliyosuguliwa bila kufunikwa huharibika upesi kuliko ile ambayo haikusuguliwa?
2. Eleza kwa nini ukungu wa taa hupotea kioo kinapoloweshwa.
3. Taa fulani hutoa sehemu 50 kwa mia ya mwanga wake wa awali. Kwa kanuni tuliyotumia, kama zamani ilimwonyesha mtu akiwa mita 60, sasa itamwonyesha akiwa mita ngapi?
4. Globu ya wati 55 katika umeme wa volti 12 hutumia ampea ngapi?
5. Dereva anakwenda kilomita 100 kwa saa. Atasafiri mita ngapi katika sekunde moja na nusu kabla ya kugusa breki? Linganisha jibu lako na jibu la swali la 3, kisha useme dereva huyo afanye nini.